Dirisha la Saba

Kwa aliyechelewa kufika: mimi ndiye yule mama mtunza stoo wa shule, ambaye majirani wananiita Mama Stoo. Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama sebuleni na komeo mkononi. Komeo tu. Dirisha lenyewe lilikuwa nje, limeangukia kamba ya nguo, limelala na mashuka yangu.

Mchwa walikuwa wamekula fremu kutoka ndani wakabakiza rangi. Nilivuta nifungue, likaniaga.

Tulikagua nyumba nzima. Madirisha sita, milango miwili, vyote maganda matupu. Mtoto wetu mdogo ana kifua, na mvua zilikuwa zimebakiza wiki tatu kuanza. Baba watoto ni fundi wa friji na si mtu wa maneno. Alibonyeza fremu ya chumbani kwa kidole gumba, kidole kikazama.

"Tubadilishe yote," akasema.

"Bei tatu kwanza," nikasema mimi.

Laiti ningeuma ulimi.

Nina stashahada ya ugavi. Kazini kwangu hakinunuliwi kitu, kiwe godoro au chaki, bila bei tatu kutoka kwa watu watatu, kila moja kwenye bahasha yake iliyofungwa, na bahasha hufunguliwa mbele ya macho ya wote. Tena nina sheria yangu: hesabu kwanza, saini baadaye. Kuna muuzaji niliwahi kumshushisha magodoro arobaini juani kwa sababu moja lilipungua. Mpaka leo akipita getini ananiamkia kwa adabu.

Basi nikaamua na nyumbani iwe hivyo hivyo. Mimi nilete bahasha moja, baba watoto moja, mama mkwe moja. Asijue mtu ya mwenzake mpaka Jumapili baada ya chakula.

Mama mkwe, anayeishi nasi tangu mwaka jana, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanamke wewe, ungeweza hata kuolewa kwa zabuni."

"Ningeolewa kwa zabuni, mama, mwanao asingeshinda."

Baba watoto naye akacheka. Kumbukeni kicheko hicho. Nyumba yangu haijacheka tena.

*

Jumapili tukaondoa vyombo mezani. Nikaweka bahasha tatu, mkasi na rula.

Nikafungua yangu kwanza. Ilitoka kwenye kampuni kubwa ya mjini, ile yenye duka la vioo mpaka sakafuni. Walimtuma mpimaji mwenye kifaa cha mwanga. Alikielekeza ukutani, kikalia, akaandika, akaondoka. Karatasi yao ilikuwa na nembo mbili na mhuri wa rangi.

"Milioni tatu na laki mbili," nikasoma.

Mama mkwe akashika kifua. "Wanatuwekea madirisha au wanatujengea msikiti na kanisa?"

Ya pili ilikuwa yake. Ilitoka kwa Fundi Randa, seremala wa kona, mtu mzima anayepima kwa kamba yenye mafundo. Nilimwona akipima milango yetu kwa kamba ile, nikamuuliza kama hana futi. Akaniambia, "Mama, futi huvunjika. Kamba yangu haijawahi kusema uongo." Bei yake ilikuwa imeandikwa nyuma ya karatasi ya kalenda.

"Milioni moja na laki tisa."

"Hiyo ndiyo bei ya binadamu," akasema mama mkwe.

Ikabaki ya baba watoto. Bahasha nyeupe, safi, haina jina juu. Nikaikata.

"Milioni moja na laki tano. Alumini, vioo, wavu wa mbu, vitasa, kubomoa fremu za zamani, kuziba lipu, usafiri. Vyote ndani."

"Si nilikwambia?" akasema baba watoto, ingawa hakuwa ameniambia chochote.

Nilikuwa karibu kumpongeza. Kisha macho yangu yakashuka chini ya karatasi, penye mhuri. Karakana fulani ya vioo na alumini. Pembeni ya mhuri saini, na ile saini naijua. Niliiona kwa miaka miwili juu ya kila daftari lililokaa kwenye meza iliyotazamana na yangu.

"Hii ni ya Kidoti," nikasema.

Baba watoto akaanza kuinyoosha rula mezani.

"Baba watoto. Hii karatasi ni ya Kidoti?"

"Ndiye mwenye karakana siku hizi. Baba yake alimwachia."

"Kidoti aliyekuwa mchumba wako?"

"Hakuwa mchumba. Tulikuwa tunazoeana tu."

"Alikuwa mchumba," akasema mama mkwe, akiokota punje ya wali mezani. "Mimi mwenyewe nilikwenda kwao kuwasalimu. Nilivaa na viatu vya kubana. Lakini mimi simo."

*

Niwaambie ukweli, kwa sababu ukurasa huu ni wa ukweli. Chuoni Kidoti alikuwa na mimi chumba kimoja. Tulimwita hivyo kwa alama yake nyeusi shavuni, juu kidogo ya mdomo, mahali ambapo wanawake wengine wanajichora kwa wanja. Kijana wa friji alikuwa anakuja kumwona yeye. Yeye alikuwa hodari wa kuchelewa, na mimi nilikuwa hodari wa kukaribisha wageni. Muhula ulipoisha, mgeni alikuwa wangu.

Miaka kumi na nne. Sikuwahi kuona aibu. Lakini sikuwahi pia kupita mtaa wa karakana ile.

"Kwa nini bei yake ni nusu ya ile ya mjini?" nikamuuliza baba watoto jikoni.

"Bei nzuri ina ubaya gani?"

"Mwanamke hampunguzii mwanamke mwenzake dirisha bure."

"Hakupunguzii wewe. Anauza."

"Kwa hiyo anakupunguzia wewe."

Akavuta pumzi ndefu. "Mama watoto, si wewe ndiye mwalimu wa bei? Kila siku unatuhubiria, msitazame jumla, tazameni ndani. Haya. Tazama ndani."

Alikwenda kuoga. Nami nakiri: nilinusa shati lake. Lilinuka silikoni, ile gundi ya kuzibia vioo. Nikajiambia hata friji huzibwa kwa silikoni. Kisha nikalinusa tena.

*

Nikakaa mezani, nikatazama ndani.

Kazini huwa nawaambia makarani wapya: bei hazilingani mpaka vitu vilingane. Ukiweka embe na kokwa kwenye mizani moja, usiilaumu mizani.

Nikaanza na kampuni ya mjini. Mle ndani mlikuwa na vioo viwili viwili kila dirisha, na hewa katikati, vya kuzuia kelele. Kelele za nyumba yangu ziko ndani, nikakata. Gharama ya kutembelea eneo, nikakata. Gharama ya usimamizi, nikampigia simu yule mpimaji kumuuliza ni nani anamsimamia nani. Akasema hiyo inaweza kuzungumzika. Nikakata. Ikashuka mpaka milioni mbili na laki sita.

Nikaenda kwa Fundi Randa. Bei yake ilikuwa ya mbao, basi. Vioo, ninunue mwenyewe. Bawaba na vitasa, mwenyewe. Rangi, kubomoa, lipu, mwenyewe.

"Fundi," nikamwambia, "mlango usio na bawaba ni ubao."

"Ndiyo, mama. Mimi nauza mbao."

Nikajumlisha vyote alivyoviacha. Ikapanda mpaka milioni mbili na laki nne.

Mnaona? Bei mbili zilizokuwa mbalimbali kama mbingu na ardhi zimesogeleana kama mashahidi waliofundishwa na wakili mmoja. Hiyo ndiyo bei ya kweli ya madirisha yangu. Mkubwa aliongeza nisichohitaji, mdogo aliacha ninachohitaji. Hakuna mwizi, kuna karatasi tu.

Halafu nikachukua ya Kidoti. Nikatafuta alichoacha. Kioo, unene uleule wa kawaida. Mpira wa pembeni upo. Wavu upo. Bawaba zipo na idadi yake. Udhamini wa miaka mitatu, kampuni ya mjini yenyewe ilitoa miwili.

Hakuacha kitu. Na bado ilikosekana karibu milioni nzima.

Bei ikiwa ndogo kwenye karatasi, tafuta kilichoachwa nje ya karatasi. Hiyo nayo huwa nawaambia makarani.

*

Jumatatu mchana nikaomba ruhusa kazini. Nikavaa gauni la vikao. Nikapaka rangi ya mdomo ambayo mara ya mwisho ilikwenda kwenye mahafali. Mtu angeniuliza naenda wapi, ningesema nakwenda kuulizia madirisha.

Karakana ilikuwa jengo refu la matofali. Chini kazi, juu makazi. Vioo vimesimama kwenye fremu za mbao kama vitabu, kila kimoja na kipande cha zulia chini yake kisipasuke. Msumeno wa alumini ulikuwa unalia kiasi cha kung'oa meno. Upande wa ndani kulikuwa na ngazi za kwenda juu, na penye dirisha la ngazi hakukuwa na dirisha, pamebandikwa boksi.

Msumeno ukanyamaza. Akainua miwani ya kujikinga.

"Rula!"

Hilo lilikuwa jina langu chuoni. Hakuna aliyeniita hivyo kwa miaka kumi na nne, na nilichukia jinsi lilivyonikaa.

"Kidoti."

Nilikuwa nimeomba awe amenenepa. Awe amepauka. Walau alama iwe imeota nywele. Wapi! Mikono ilikuwa na makovu ya vioo, lakini hata makovu yalikuwa yamekaa kwa mpangilio. Ovaroli ilimkaa kama imeshonwa na mtu anayempenda.

"Umependeza. Unatoka kwenye harusi?"

"Naenda kikaoni."

"Kikao chenyewe ni mimi?" Akacheka, akanisogezea stuli, akaifuta kwanza kwa mkono. "Kaa. Umekuja kwa ajili ya bei."

"Nimekuja kuelewa bei."

"Ni kubwa?"

"Ni ndogo."

"Miaka yote nafanya kazi hii, wewe ni mteja wa kwanza kuja kulalamika kwamba ni ndogo."

"Kidoti, sina muda. Umeweka vyote. Wenzako wote wanafika milioni mbili na nusu. Wewe moja na nusu. Hiyo milioni unamzawadia nani?"

Akanitazama. Akaweka chini kikatio cha kioo. "Njoo nikuonyeshe zawadi."

Akanipeleka nyuma. Palikuwa na madirisha ya alumini yaliyofungwa kwa nailoni, yamepangana mpaka darini, vumbi juu yake kidole kizima.

"Zahanati moja iliniagiza haya. Nikakata, nikaunganisha, nikapeleka. Daktari mkuu akasema yeye alitaka meupe, haya ni ya kahawia. Nikamwonyesha karatasi yake mwenyewe imeandika kahawia. Akasema rangi ile inawatia wagonjwa huzuni. Miezi minane sasa yananilia nafasi. Nikayapunguza kidogo, yanaingia kwako. Alumini hupunguzwa, haiongezwi. Kwa hiyo hapo unalipia vitasa, lipu na jasho langu. Alumini yenyewe nimekwisha kuililia, machozi siyatozi."

Nikapangusa vumbi. Kahawia kweli. Kwenye nailoni kulikuwa na kibandiko cha zahanati.

Nikahisi kama mtu aliyekuja na panga kwenye ugomvi wa kuku.

Lakini mimi ni mimi. "Umejuaje kwamba yataingia kwangu? Mtu wa kampuni alikuja kupima. Fundi Randa alikuja na kamba yake. Wewe hujawahi kukanyaga kwangu. Nani alikupimia dirisha la chumba changu cha kulala?"

"Eh! Rula umerudi!" Akavuta ubao wa kubania karatasi kutoka ukutani, akaniwekea mbele. "Mumeo alipima mwenyewe. Mwandiko wake umeusahau?"

Ulikuwa wake. Ile saba yake yenye mkia, ile tano isiyo na tumbo. Sebule, chumbani, jiko. Niliona mistari mitatu ya kwanza, moyo ukashuka mahali pake, sikuhitaji kuona zaidi.

"Alipima nyumbani akaniletea," akasema Kidoti. "Wewe ulifikiri nini? Kwamba niliingia kupitia dirishani?"

"Nilifikiri..."

"Najua ulichofikiri. Mimi pia nilikifikiri miaka ile, kila nikirudi chumbani nakuta umemchemshia chai."

"Sikukuibia, Kidoti. Uliacha mlango wazi."

"Ndiyo. Tangu hapo nikajifunza kutengeneza milango." Akatabasamu, na alama ile ikapanda na shavu. "Yamekwisha, dada. Mimi nauza madirisha. Wewe una mtoto anayekohoa, mumeo aliniambia. Kesho kutwa nianze?"

Nilikuwa na aibu, nilikuwa na furaha, na milioni moja ilikuwa imebaki mkononi mwangu. Watu wenye hali hiyo wasipewe kalamu.

Nikasaini. Kwa kalamu yangu mwenyewe. Nikamlipa nusu palepale. Akabana pamoja nakala ya mkataba na karatasi ya vipimo kwa pini, kwa sababu nilimwambia, kwa sauti ya ofisini, "Mimi sichukui karatasi isiyo na kiambatisho."

Nikiwa natoka nikaonyesha boksi lililoziba dirisha la ngazi. "Na wewe fundi mzima wa vioo?"

"Mganga hajigangi," akasema, akavaa miwani, msumeno ukaanza kulia tena.

Nikarudi nyumbani naimba. Nilimnunulia baba watoto hata sabuni ya kunyolea.

*

Jumanne jioni nilikuwa jikoni, nguo za shule zimekwisha kuanikwa, mama mkwe anachambua maharage kwenye sinia. Nikatoa zile karatasi niziweke kwenye faili. Nina faili la kila kitu.

Mazoea ni kilema. Kabla ya kufungua faili, kidole changu kikaanza kuhesabu.

Madirisha: moja, mawili, matatu, manne, matano, sita.

Saba.

Nikahesabu upya. Saba. Nikashuka kwenye milango. Mitatu.

"Mama," nikamwita mama mkwe, "nyumba hii ina madirisha mangapi?"

"Unaniuliza mimi? Mimi mgeni."

"Mangapi?"

"Sita. Na tundu la choo, kama unalihesabu."

Kidoti haweki kioo kwenye tundu la choo. Nikachukua futi ya baba watoto kwenye kisanduku chake, nikazunguka nyumba. Sebuleni, la kwanza, sawa. Sebuleni, la pili, sawa. Chumba chetu, cha watoto, cha mama, jiko, sawa kwa nukta. Mlango wa mbele, wa nyuma, sawa.

Yakabaki mawili chini ya karatasi, kwa mwandiko uleule, saba yenye mkia, tano isiyo na tumbo.

Dirisha: *ngazini*.

Mlango: *chumba cha juu*.

Nyumba yangu haina ngazi. Haina hata ile ya kupandia darini. Tunaazima kwa jirani. Juu ya kichwa changu kuna bati, na juu ya bati kuna Mungu.

Mbele ya mistari ile miwili, mahali pa bei, hapakuandikwa kitu.

Nikakaa. Nikaliona tena boksi lile lililoziba dirisha la ngazi. Jana nililitazama kama takataka. Sasa nikaona maandishi yake, yamegeuzwa juu chini. Lilikuwa boksi la friji. Aina ileile ambayo baba watoto ameipakia na kuipakua kwenye gari lake tangu tuoane, akiyatunza maboksi yake kwa sababu, anasema, boksi zuri halitupwi.

Mtu hapimi dirisha la ngazi bila kusimama kwenye ngazi. Na hapimi mlango wa chumba cha juu bila kupanda mpaka mwisho.

Madirisha ya kahawia yalikuwa ya kweli. Vumbi lilikuwa la kweli, zahanati ya kweli. Kidoti hakunidanganya hata kwa neno moja. Aliniachia karatasi, nami nikasaini kabla ya kuhesabu. Mimi. Mwenye magodoro arobaini.

Nimekitafuta kilichoachwa nje ya karatasi kwa siku tatu, kwenye vioo, kwenye mipira, kwenye bawaba. Kumbe kilikuwa kinakula mezani kwangu na kuomba mchuzi zaidi.

"Mkwe wangu," akasema mama mkwe, "mbona umeikunja futi ya watu hivyo? Utaivunja."

Mlango wa mbele ukalia. Baba watoto akaingia na kisanduku cha kazi, akakiweka pale anapokiweka siku zote. "Hamjambo humu?"

Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele ambazo hata vioo viwili na hewa katikati visingezizuia. Nilikuwa na maneno ya miaka kumi na nne kwenye ulimi. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, ya kistaarabu, ya stoo.

"Baba watoto, shika futi. Nipimie dirisha la ngazini."

Mtu asiye na kosa angeuliza: ngazi gani?

Hakuuliza. Alitazama karatasi mkononi mwangu, akatazama pini, akakaa taratibu kwenye kiti kilichokuwa karibu, kile kibovu ambacho huwa anatukataza tusikikalie.

"Amekwambia?" akasema.

"Ameniambia nini?"

Nikasikia maharage yameacha kudondoka kwenye sinia.

"Ameniambia nini, baba watoto? Nani anakaa chumba cha juu?"

Akamgeukia mama yake. Si mimi. Mama yake. Na mama mkwe, aliyeapa tangu Jumapili kwamba yeye hamo, akajifuta mikono kwenye nguo, akasimama, akaenda kufunga mlango wa chumba cha watoto mpaka kitasa kikalia.

"Mwambie mkeo," akasema, mgongo bado umetugeukia. "Miaka kumi na nne inatosha. Mtoto mwenyewe sasa ni mrefu kuliko wewe."